i7 ya Mwaka Gani? Maneno Juu ya Proforma Mbili za Chama Chetu



Kamati imetuonyesha proforma mbili za zile laptopu tano za chumba cha kazi. Ya kwanza ni mashini mpya, bado ziko ndani ya karton: prosesa Celeron N4020, RAM giga 4, hifadhi giga 64. Ya pili ni mashini zilizotumika, zilitoka kwenye maofisi ya Ulaya: prosesa Core i5-8250U, RAM giga 8, SSD giga 256. Bei zinakaribiana. Karibu kila mtu ameandika: "Tuchukue mpya, za kutumika ni matatizo tu." Wengine wakaongeza: "Au tushuke Birere tutafute i7, ju i7 inashinda zote."

Mimi napinga mawazo yote mawili. Sisemi hivi ju nimesoma kuliko wengine. Nasema hivi ju nimeona mtu akilipa hili kosa, na mimi nilikuwa pale, nikanyamaza.

Ni mudogo wetu mmoja wa Kibumba, jina lake naliacha. Alipomaliza lisansi alipata kandarasi ya miezi mitatu ya kusafisha data za uchunguzi wa kaya. Sharti moja: uwe na mashini yako. Mama yake aliuza kondoo wawili, akaongeza pesa ya kabichi ya msimu mzima, ikafika dola 250. Kijana akateremka mjini, akarudi anacheka: "Mukubwa, niko na i7 sasa!" Niliigeuza ile mashini, nikaangalia, nikaona ni i7-3520M, RAM giga 4, disiki ya zamani ya kuzunguka. Nilijua. Lakini ukimuona mtu na furaha ya vile, unamwambia nini? Nilisema "hongera".

Siku ya tatu faili ya Excel ilikuwa imeganda. Betri haikumaliza saa moja. Akifungua SPSS na Excel pamoja, ata mshale haukutembea tena. Wiki ya pili kazi ikapewa mwingine. Mpaka leo mama anauliza swali moja tu: "Ile mashini ilikula kondoo zangu, imeleta nini?"

Sasa sikilizeni: muuzaji hakudanganya. Alisema i7, na kweli ilikuwa i7. Kosa liko katika namna tunavyosoma.

Jina "Core i7" lilianza mwaka 2008. Kuna i7 ya 2008, kuna ya 2012, kuna ya 2020. Kusema "niko na i7" ni kama kusema "niko na gari ya viti saba". Haijatuambia ni ya mwaka gani wala injini iko namna gani. Ile herufi na namba vinapanga tu nani mkubwa na nani mudogo ndani ya nyumba moja, katika mwaka mmoja. Havilinganishi nyumba na nyumba. Wahenga walisema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.

Namba ya maana iko nyuma ya kistari. Katika i7-3520M, ile 3 ya kwanza inasema ni kizazi cha tatu, mwaka 2012. Katika i5-8250U, ile 8 inasema kizazi cha nane, mwaka 2017. Kuanzia kizazi cha kumi unasoma tarakimu mbili: 10, 11, 12. Tukitoka Birere na kitu kimoja tu kichwani, kiwe hiki.

Tuzilinganishe hizo mbili vizuri. Ile i7 ya 2012 iko na viini viwili, yaani vichwa viwili vya kufanya kazi, na inapokea nyuzi nne za kazi kwa mara moja. Mbio yake ni gigahezi 2.9, inaweza kupanda mpaka 3.6. Imepangiwa wati 35. Ile i5 ya 2017 iko na viini vinne na nyuzi nane. Mbio yake ni gigahezi 1.6, inapanda mpaka 3.4. Imepangiwa wati 15.

Mtu anayeangalia gigahezi peke yake atachukua ile ya 2012, si ni kweli? 2.9 inashinda 1.6. Njo mtego wenyewe. Gigahezi inahesabu jembe linapiga mara ngapi. Haisemi kila pigo linageuza udongo kiasi gani. Wawili wanaweza kulima shamba moja pale kwetu, mmoja anapiga haraka haraka akikwaruza juu ya lava, mwingine anapiga polepole lakini kila pigo linaingia. Jioni unapima mistari iliyolimwa, si idadi ya mapigo. Na hapa wa pili ameleta pia wenzake watatu, wakati wa kwanza yuko na mwenzake mmoja tu.

Matokeo? Kwenye kazi inayotumia viini vyote, kama kukokotoa data nyingi au kugeuza video, ile i5 inafanya karibu mara mbili ya ile i7. Na inafanya hivyo ikiwa imepangiwa chini ya nusu ya wati. Kwenye kazi ya kiini kimoja, kama kuandika Word, tofauti ni ndogo. Hili nalo tuliseme, ju anayesema mashini ya zamani haifai kitu naye anatudanganya.

Tena si lazima miaka iwe mingi. i7-7500U ilitoka 2016 na viini viwili. Mwaka uliofuata ikatoka i5-8250U na viini vinne. Mwaka mmoja tu, na mudogo akampita mukubwa kwenye kazi nzito. Njo maana kizazi cha nane ni mpaka wa maana kwa laptopu hizi nyembamba zenye herufi U.

Hiyo ilikuwa kwa ndugu wa i7. Sasa nirudi kwa ndugu wa "tuchukue mpya".

Kuna methali inasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Celeron N4020 ilitoka mwisho wa 2019. Iko na viini viwili, nyuzi mbili, mbio kutoka 1.1 mpaka 2.8, wati 6. Ilitengenezwa ili mashini iwe ya bei ya chini na isile umeme, na kwa hilo imefaulu. Lakini kwa nguvu, inashindwa na i5-8250U mbali sana. Inashindwa ata na ile i7 ya 2012 tuliyoicheka sasa hivi, kwa kiini kimoja na kwa viini vyote. Mashini yenye harufu ya karton, karatasi ya plastiki bado iko juu ya kioo, inaachwa nyuma na mashini ambayo umri wake ni kama mtoto anayemaliza msingi.

Tuangalie pia hizo giga. Windows 11 inadai RAM giga 4 na hifadhi giga 64 ili ikubali tu kuingia. Proforma ya kwanza inatupa giga 4 na giga 64. Maana yake tunanunua mashini ambayo siku ya kwanza imesimama juu ya mstari wa chini kabisa. Na mara nyingi kwenye mashini za aina hii RAM imechomelewa, huwezi kuongeza kesho. Unanunua mpya isiyo na mahali pa kukua.

Kusudi niwe wa haki: si kila kipya cha bei ndogo ni kibaya. Intel N100 ilitoka mwanzo wa 2023, nayo ni ya wati 6, lakini iko na viini vinne na inakaribiana na ile i5-8250U. Kama muuzaji angetuletea N100 yenye RAM giga 8, ningenyamaza, ata ningesema asante. Kinachonisumbua si upya. Kinachonisumbua ni neno "mpya" kutumika pale ambapo panatakiwa namba.

Na makampuni yenyewe hayatusaidii. AMD iliuza Ryzen 5 7520U kuanzia 2022. Ile 7 ya mbele inakufanya uone ni kitu cha kizazi kipya kabisa. Kumbe muundo wa ndani ni Zen 2, uliotoka 2019. Ukitaka kujua unaangalia tarakimu ya tatu, ile 2. Nani pale sokoni anaangalia tarakimu ya tatu? Intel nayo mwisho wa 2023 ikaanza kuondoa ile "i" na kuleta majina mengine kama Core Ultra. Kila mara tukizoea kusoma, wanabadilisha alfabeti.

Sasa kuna wale watakaosema: "Mukubwa, sisi tunaangalia alama." Kweli, kuko programu za kupima: PassMark, Geekbench, Cinebench. Zinasaidia, na mimi nazitumia. Lakini tujue zinapima nini.

Wote tumeona chukudu inayoteremka kutoka Kibumba na mzigo wa kabichi. Kijana amepiga goti juu yake, upepo unampiga, anapita ata motari. Ukimuona pale utasema hakuna chombo kama hiki duniani. Lakini jioni lazima arudi, kilomita zaidi ya 20, mlima, anasukuma. Anayetaka kununua chukudu anauliza habari za kupanda, si za kushuka.

Zile gigahezi 3.4 ni mteremko. Prosesa inakimbia hivyo kwa muda mfupi, halafu joto linapanda, na mashini inaipunguza yenyewe ili isiungue. Alama nyingi unazoziona zimepimwa kwenye mashini safi, ikiwa kwenye umeme, feni ikipumua vizuri. Sisi je? Vumbi letu la lava linaingia kwenye feni na kukaa. Ile pasta ya kijivu kati ya prosesa na chuma cha kupoozea inakauka baada ya miaka. Mashini mbili zenye namba moja, moja imesafishwa, nyingine haijafunguliwa tangu ilipotoka Ulaya, hazitafanya kazi sawa. Fundi wa feni anaweza kukurudishia mbio ambayo ulitaka kuinunua kwa dola mia.

Halafu umeme. Nyaya za bwawa la Matebe, kule Rutshuru, zimetusaidia sana, lakini wote tunakumbuka Januari 2025, Goma giza, maji hakuna. Nyumba nyingi za kwetu bado zinachaji kwenye paneli au kwa jirani mwenye jenereta. Kwa hiyo wati si hesabu ya mafundi tu, ni saa za kazi. Chukua betri ya wati-saa 48. Mashini ikikula wati 16 kwa wastani, unapata saa 3. Ikikula wati 8, unapata saa 6. Kati ya saa 3 na saa 6 kuko sura nzima ya TFC. Hapa njo vizazi vipya vinashinda kweli kweli: vinafanya kazi ileile kwa umeme mdogo. Hii faida husikii muuzaji akiitaja, yeye anataja giga na i7.

Faida nyingine ya siri ni video. Mikutano mingi sasa inafanyika kwenye kioo. Ile i7 ya 2012 haina sehemu maalum ya kufungua video za aina ya VP9 ambazo YouTube inatumia sana, kwa hiyo prosesa yenyewe inabeba mzigo wote, feni inalia, betri inaisha. Kuanzia kizazi cha saba Intel iliweka sehemu hiyo ndani. Mtu anafikiri intaneti yake ni mbaya, kumbe ni prosesa inayohema.

Lakini niwaambie kitu ambacho kitaumiza wapenzi wa prosesa wote, mimi pia: mara nyingi si prosesa inayochelewesha. Ile mashini ya mudogo wetu ilikuwa na disiki ya kuzunguka, ya kusoma kama megabaiti 100 kwa sekunde ikiwa na bahati. SSD ya kawaida ya SATA inafika kama 500, na kwenye mafaili madogo madogo yaliyotawanyika tofauti ni kubwa zaidi sana. Tena RAM ya giga 4 ikijaa, Windows inaanza kutumia disiki kama RAM. Prosesa inakaa inangoja, kama mpishi mwenye kisu kikali anayengoja mtu aliyeenda kuchota maji. Kumnunulia mpishi kisu kingine hakutaleta maji haraka.

Tena kuko swali la Windows. Windows 10 iliacha kusaidiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa orodha rasmi ya Microsoft, kwa upande wa Intel inaanza karibu yote kwenye kizazi cha nane. Watu wanaisoma ile orodha kama orodha ya nguvu: walioingia ni wazima, waliobaki nje wamekufa. Si kweli. Celeron N4020 imo ndani ya orodha. i7-7700HQ ya 2017, yenye viini vinne na nyuzi nane, inayoweza kuizungusha Celeron kama mtoto, iko nje. Ile orodha inahusu usalama na msaada wa kampuni zaidi ya mbio. Mwenye mashini nzuri ya kizazi cha sita au saba asiitupe kwa hofu. Anaweza kuweka Linux Mint na LibreOffice. R na QGIS zinafanya kazi humo bila shida. Lakini kwa chama, ambako vijana watakuja na mafaili ya Word na SPSS ya maprofesa wao, ni afadhali tubaki kwenye njia inayopitwa na wengi. Na ile i5-8250U imo kwenye orodha.

Najua jibu litakuja: "Mashini ya kutumika ikiharibika, nani atalipa?" Swali ni la haki, sitalikimbia. Betri inaweza kuwa imechoka. Namba iliyoandikwa kwenye proforma inaweza kuwa tofauti na iliyo ndani ya mashini. Kwa hiyo naomba kamati, ata kabla dola moja haijatoka, ifanye haya:

Moja, kila mashini iwashwe mbele yetu, tusome jina kamili la prosesa kwenye sehemu ya mfumo, si kwenye kibandiko. Kibandiko kinabandikwa na mikono ya watu.

Mbili, tuandike amri ya powercfg /batteryreport. Itatuonyesha betri ilizaliwa na nguvu kiasi gani na leo imebaki na kiasi gani. Iliyoshuka chini ya nusu, bei ishuke au betri ibadilishwe.

Tatu, tupime ikiwa kwenye betri, si kwenye umeme, kwa nusu saa nzima, na faili ya kazi ya kweli. Tusikilize feni, tuguse chini.

Nne, muuzaji aandike kwa mkono wake siku za kujaribu. Asiyekubali kuandika, tumeshajua jibu.

Hii pesa ya chama si nyingi, na tunajua imetoka wapi. Tangu benki za Goma zilipofungwa mwanzoni mwa 2025, kuna waliotoa mchango wao kwa vipande vidogo vidogo kwenye simu, wengine bila mshahara. Laptopu tano ni TFC za vijana wangapi? Ni maombi ya kazi mangapi yatakayotumwa kabla ya saa sita ya usiku? Tukikosea, hatutakuwa na mara ya pili mwaka huu.

Ile mashini ya mudogo wetu haijatupwa. Tulichangishana watu watatu, tukaweka SSD, tukaongeza RAM mpaka giga 8, fundi akasafisha feni. Leo anaandikia watu TFC pale Kibumba, na kwa Word inakwenda vizuri. Ile kandarasi haikurudi, na kondoo hawakurudi. Kama siku ile ningesema "mudogo, kwanza tuangalie namba", pengine hadithi ingekuwa nyingine.

Kwa hiyo safari hii sinyamazi. Jumamosi nitakuja kwenye mkutano na Celeron moja na i5 moja ya kizazi cha nane, nimeziazima. Tutaziweka juu ya meza moja, zote kwenye betri, tufungue faili moja. Kila mtu aje na kazi yake kwenye flashi. Tukishaona kwa macho, prezida apigishe kura.